Kadi Namba Mbili

Basi la saa tatu na dakika kumi lilikuwa limeshavuka daraja la Hallowby. Nilikuwa ndani yake, bomba la karatasi ngumu limelala mapajani, mdomo nimeufunga.

Viti viwili mbele yangu alikaa Clem Dunnock na binti yake Nell, mwenye miaka sita. Walikuwa wanarudi kwao Kanada. Kutoka darajani mpaka stesheni ya Lincoln ni saa nzima. Katika saa hiyo nilitakiwa kumwambia Clem kwamba jana baba yake alipiga magoti bure.

Baba yake, na babu yake, na kila Dunnock kwa miaka mia moja na tisini.

Katika simulizi ya wiki iliyopita, wasomaji, mliniacha mlangoni mwa hospitali kule Leeds, pafu moja bovu, benchi langu la kujalidi vitabu limeshapewa mtu mwingine, mvua inaninyea. Aliyeniokota ni Bi Honor Lathbury wa Hallowby, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na minne. Alitangaza gazetini kuwa anatafuta mtu mwenye mwandiko unaosomeka. Mwandiko nilikuwa nao. Kingine sikuwa nacho.

Bi Honor alikuwa amekusanya picha za kejeli kwa miaka hamsini. Zile za zamani, za miaka ya elfu moja mia saba na kitu, zilizochongwa kwenye bamba la shaba, zikapigwa chapa na kutundikwa kwenye madirisha ya maduka ya London ili wapita njia wawacheke mawaziri wenye vitambi na maaskofu walevi. Alikuwa nazo mia sita na kumi na mbili, kwenye masanduku bapa, mpaka chini ya kitanda. Alitaka orodha yake ikamilike kabla hajafa, aikabidhi maktaba ya mji pamoja na picha zenyewe.

Kazi ilikuwa hivi. Yeye anaweka karatasi mezani. Mimi napitisha lenzi, pembe hadi pembe, nataja ninachoona kuanzia kushoto. Yeye ananisahihisha. Kisha naandika kadi.

"Mtu mnene, amekasirika," nilisema siku ya kwanza.

"Umejuaje amekasirika? Amekuambia?"

"Uso wake, Bi Honor."

"Nipe macho, Bwana Pargeter, usinipe maoni. Mdomo uko wazi au umefungwa?"

"Uko wazi."

"Meno?"

"Mawili."

"Andika hivyo. Mtu mnene, mdomo wazi, meno mawili. Hasira mwachie mwenyewe."

Sheria ya nyumba ile ilikuwa moja: kadi haiandikwi kabla lenzi haijapita.

Nilikula uji wake asubuhi. Nililala kwenye chumba chenye moto wa makaa. Nimetangatanga miaka arobaini, nimelala melini, kwenye mabanda ya kondoo, chini ya mashine za uchapaji. Ile ndiyo nyumba ya kwanza ambayo mtu aliniuliza kama blanketi linatosha.

Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililoniponza.

Juu ya meko ya Bi Honor ilitundikwa picha namba moja, Mtengeneza Mapipa Mwaminifu, ya uchaguzi wa Hallowby wa mwaka 1768. Kushoto, mtu mwaminifu amesimama, anaukataa na kuutupa mfuko wa fedha za hongo. Kulia, mtu amepiga magoti, mdomo wazi, anaudaka. Chini ya miguu ya aliyesimama pameandikwa LATHBURY. Chini ya aliyepiga magoti, DUNNOCK.

Hallowby nzima inaijua picha hiyo. Kila Alhamisi ya kwanza ya Mei, siku ya soko, Lathbury mmoja husimama kwenye bomba la maji la sokoni na kumtupia Dunnock mmoja mfuko wa pumba. Dunnock hupiga magoti na kupanua mdomo. Kisha Dunnock huyo huyo hununulia watu bia. Wanaiita Siku ya Mfuko. Shuleni, mtoto akimwibia mwenzake penseli anaitwa Dunnock, hata kama jina lake ni jingine. Clem alipigwa kwa jina hilo mpaka alipofika miaka kumi na tisa, akapanda meli.

Kadi ya namba moja aliiandika Bi Honor mwenyewe, mwaka 1919. Niliisoma. Mwishoni alikuwa ameandika: "Kuzunguka vichwa vyote viwili, moshi hafifu."

"Moshi wa nini, Bi Honor? Hakuna moto hapa. Hakuna anayevuta kiko."

"Wewe unaona nini?"

"Kitu kama moshi."

"Basi ni moshi. Endelea."

Nikaendelea. Kadi iliyofuata ilikuwa namba tatu.

"Namba mbili iko wapi?"

"Nilikosea kuhesabu."

"Tuijaze basi."

"Namba iliyokosewa haijazwi, Bwana Pargeter. Huo ndio utaratibu."

Sikuuliza tena. Uji ulikuwa mezani.

Jumanne moja, siku tisa kabla ya Siku ya Mfuko, alinituma Lincoln kununua wanga wa kubandikia. Nikapita dukani kwa Tapley, anayeuza picha kuukuu. Alikuwa na furushi la makaratasi yaliyokatwa pembe.

"Chukua zote, mzee," alisema Tapley. "Bei ya chai na mkate. Nimechoka kuzitazama."

"Zina nini?"

"Zina umri. Kama wewe."

Nilizifungulia kwenye benchi la stesheni. Ya nne ilikuwa Mtengeneza Mapipa Mwaminifu.

Bamba ni lile lile. Mapipa ni yale yale. Hata mbwa anayejikuna nyuma yupo. Lakini aliyesimama akitupa hongo alikuwa na uso mwembamba wenye kidevu kirefu, na chini ya miguu yake pameandikwa DUNNOCK. Aliyepiga magoti, mdomo wazi, alikuwa LATHBURY.

Sikutoa hata lenzi.

Nimefanya kazi kwenye vyumba vya uchapaji, najua shaba. Mchongaji akilipwa, hukwangua kichwa kwenye bamba, hupasugua mpaka pang'ae, kisha huchonga kichwa kingine palepale. Lakini mistari ya zamani haifi yote. Inabaki kidogo, inashika wino kidogo, na ukichapa inatoka kama ukungu.

Kama moshi.

Yaani kuna mtu, zamani hizo, alilipa vichwa vibadilishwe. Na mji mzima umekuwa ukimcheka mtu asiye na kosa.

Nikasema, nikifika nyumbani ninamwambia.

Nilifika. Bi Honor alikuwa ameniwekea soksi zikauke kando ya moto. Nikaiweka picha chini ya godoro.

Kesho, nikasema. Kesho yake uji ulikuja na asali. Siku nane zikapita hivyo, mimi nikiandika kadi za maaskofu.

Siku ya Mfuko, Clem Dunnock alikuwepo. Miaka kumi na minne hajakanyaga Hallowby, sasa kaja kwa likizo ya wiki tatu, kamleta Nell amwone babu yake. Baba yake, Seth Dunnock, ni muuza nyama, miaka sitini na mitatu. Clem alidhani mzee ameshaacha mambo yale.

Seth alitandika gunia, akapiga magoti.

"Panua domo, Seth!" mtu alipaza sauti. "Umelipanua kwa bei ya nyama, lipanue na leo!"

"Msimpe mfuko mdogo, atadai mwingine!"

"Nyie chekeni," alisema Seth. "Jumamosi mtakuja kutaka soseji."

Bi Honor alinipa kofia yake nimshikie. Alikuwa na mkono mzuri bado. Mfuko ulimpiga Seth kwenye paji la uso, ukapasuka, pumba zikamjaa kwenye kope. Watu walicheka, mimi nikashika kofia.

Nell alimvuta baba yake mkono.

"Baba, babu alifanya nini?"

"Hakufanya kitu."

"Mbona wanamwadhibu?"

Seth alijifuta macho kwa aproni, akasema bia ziko tayari. Alipogeuka kuwatafuta mwanawe na mjukuu wake, hawakuwepo.

Ilikuwa siku yao ya nne ya likizo. Asubuhi iliyofuata walikuwa kwenye basi.

Basi lilikuwa limefika kwenye njia panda, nusu ya safari, ndipo nilipoinuka. Nikakaa kiti cha pembeni yao. Nikaitoa picha bombani, nikaifungua magotini.

Clem aliitazama kwa muda mrefu. Nell alimwonyesha mbwa.

"Hii ni ya kweli?" aliuliza Clem.

"Ya kweli. Hii ilichapwa kwanza. Ile ya Bi Honor ilibadilishwa."

"Baba anajua?"

"Hapana."

"Bibi Lathbury?"

"Hajui."

"Wewe umejua lini?"

Ningeweza kusema jana. "Jumanne ya wiki iliyopita."

Alihesabu kwa vidole, kama mtoto. "Na jana ulikuwa pale sokoni."

"Nilikuwa pale."

"Ulikuwa umeshika kofia."

"Ndiyo."

Hakupandisha sauti. Aliikunja picha taratibu, akairudisha bombani mwenyewe, akanipa.

"Usinipe mimi, mzee. Mpe aliyepiga magoti." Kisha akamwita dereva. "Ndugu, huyu anashuka."

"Hapa hakuna kituo," alisema dereva.

"Anashuka hapa hapa."

Nikashuka. Nell alinipungia mkono dirishani. Nikarudi Hallowby kwa miguu, maili saba.

Bi Honor alikuwa mezani na namba mia tano na nane.

"Uji umeganda," alisema. "Ulikuwa wapi?"

Nikaiweka picha mbele yake. Niliandaa maneno njiani, hayakuhitajika. Hakushtuka. Hakuchukua hata lenzi. Aliitazama kama mtu anayetazama jirani aliyehama zamani.

"Umeipata wapi?"

"Kwa Tapley."

"Nilidhani ilikuwa moja tu."

Ndipo nilipoelewa.

"Namba mbili," nilisema.

"Niliinunua Norwich mwaka wa kumi na tisa. Nikaichoma kwenye meko hayo. Baba alikuwa chumba cha juu, anakufa."

"Alikuomba?"

"Hakujua hata kama ipo. Niliona vyema mwenyewe."

"Halafu ukaandika moshi."

"Nilipitisha lenzi, Bwana Pargeter. Nikaandika nilichoona." Aliinuka akishika meza. "Wewe umekaa nayo siku ngapi?"

"Kumi."

"Mimi miaka thelathini na tisa. Niletee kofia."

Duka la Seth liko hatua mia mbili kutoka pale. Alikuwa anakata mbavu. Bi Honor aliilaza picha juu ya marumaru, mbali na damu.

Seth alifuta mikono. Aliinama, akasoma majina kwa kidole.

"Huyu aliyesimama ni nani?"

"Wako," alisema Bi Honor.

"Na huyu wa magotini?"

"Wangu."

Seth alirudi kwenye gogo la kukatia nyama, akamalizia zile mbavu, akazifunga kwenye karatasi, akaandika jina la mteja juu. Ndipo akarudi.

"Clem kaondoka asubuhi."

"Najua."

"Ungeileta juzi, bibie."

"Ningeileta kabla Clem hajazaliwa, Seth. Nilikuwa na nyingine. Niliichoma."

"Na hii juzi ilikuwa wapi?"

"Chini ya godoro langu," nilisema.

Akanigeukia. "Kwa nini?"

"Kitanda."

"Kitanda kimefanyaje?"

"Nilikuwa na kitanda, Seth. Sikutaka kukikosa."

Aliitikia kwa kichwa kana kwamba nimemtajia bei ya maini. Bora angenipiga.

"Mwakani nitapiga magoti mimi," alisema Bi Honor. "Sokoni, mbele ya wote. Wewe utatupa."

"Magoti yako mabovu."

"Utaniletea gunia."

"La kwangu lina damu ya ng'ombe."

"Nimefundisha watoto wa Hallowby miaka arobaini. Damu ya ng'ombe hainitishi."

Seth alitoa sauti ambayo ingeweza kuwa kicheko. Akaichukua picha, akaipeleka chumba cha nyuma, akafunga mlango. Haikutoka tena siku ile.

Jioni Bi Honor alinipa kadi tupu.

"Namba mbili," alisema. "Andika."

"Picha anayo Seth."

"Umeilalia siku kumi. Hujaijua?"

Nikaiandika kwa kichwa. Kushoto, mtu amesimama, kidevu kirefu, anatupa mfuko. Kulia, mtu amepiga magoti, mdomo wazi. Majina. Mbwa. Ndiyo kadi pekee katika nyumba ile iliyoandikwa bila lenzi. Bi Honor alijua. Alitia sahihi pembeni, akaiingiza kati ya moja na tatu.

Yaliyowapata watu ni haya.

Bi Honor alikufa Februari, kwenye ngazi, akiwa amebeba sanduku la picha za kuanzia namba mia tatu. Moyo. Orodha ilikuwa imebakiza kadi kumi na moja, nikazimaliza mimi.

Picha zilikwenda maktaba. Gazeti la mji lilichapisha namba moja na namba mbili bega kwa bega. Watu wengine sasa humvulia Seth kofia. Wengine wamehamia kwa muuza nyama wa barabara ya kanisa, wanasema ameharibu sikukuu.

Nyumba ilichukuliwa na mpwa wa Bi Honor, Giles Lathbury, daktari wa meno wa Peterborough, akaiuza. Shangazi yake aliacha barua kwamba kama yeye hatakuwepo, Giles ndiye apige magoti. Amekubali. Amenunua suruali ya kazi hiyo.

Tapley bado anauza makaratasi.

Clem hakuandika miezi kumi. Kisha Seth akampelekea kile kipande cha gazeti. Barua ikarudi kwa wiki mbili: anakuja na Nell kwa Siku ya Mfuko. Nell anataka kumwona babu akitupa.

Mimi, nyumba ilipouzwa, nilifunga mzigo wangu. Seth alinikuta kituo cha basi. Akasema juu ya duka kuna chumba. Nikamwambia simdai wema wowote, mimi ndiye mwenye kosa. Akasema chumba kiko tupu, ndiyo hivyo tu. Kulikuwa na blanketi mbili juu ya kitanda. Hakuuliza kama zinatosha. Zilitosha.

Picha ameitia fremu, ameitundika juu ya mizani. Kila anayenunua hata figo moja anaonyeshwa.

Jumanne ya wiki tatu zilizopita aliniambia nipanguse kioo chake. Nikapangusa. Lenzi ilikuwa mfukoni, kwa mazoea. Nikaipitisha, pembe hadi pembe.

Mapipa. Mbwa. Mfuko hewani. Mtu amesimama, kidevu kirefu.

Kuzunguka kichwa chake, moshi hafifu.

Nilipeleka lenzi karibu mpaka pua ikagusa kioo. Ndani ya moshi kulikuwa na ukingo wa kofia. Dunnock wa pichani hana kofia. Kulikuwa na sikio moja zaidi, chini kidogo ya sikio lake. Chini ya jina lake, mistari ya jina jingine, fupi, lisilosomeka. Na kwa yule aliyepiga magoti ni vilevile: chini ya uso wa Lathbury kuna shavu la mtu mwingine.

Bamba lilikuwa limekwanguliwa kabla ya pale. Kulikuwa na vichwa vya kwanza, na havikuwa vya Dunnock wala vya Lathbury. Pengine havikuwa hata vya Hallowby.

"Unatazama nini huko, Enoch?" aliuliza Seth kutoka kwenye gogo.

"Vumbi."

"Lifute vizuri. Siku ya Mfuko nataka Nell aione sura ya babu wa babu yake."

Nikalifuta.

Hiyo ilikuwa Jumanne ya wiki tatu zilizopita. Siku ya Mfuko ni Alhamisi hii inayokuja. Meli ya Clem na Nell imeshaondoka Montreal.